Kasha la kutambua mawe na visukuku: vifaa vyafaa, kadi yake haijui mito yetu

Kasha hili la plastiki ya kijivu, ukubwa wake kama atlasi ya shule, linauzwa katika maduka ya vifaa vya maabara Nakuru na Kisumu. Bei huanzia shilingi 3,500 na kupanda hadi 4,200, kutegemea duka na jinsi unavyojua kupatana. Kifuniko kinaahidi kwamba mwenye kasha ataweza kutambua visukuku vya matumbawe, miti iliyogeuka mawe na madini ya kawaida kando ya kijito chochote. Taabu iko kwenye hilo neno "chochote". Vifaa vilivyomo ni vya maana na bei si ya wizi, lakini kadi ya picha inayoviongoza ilitungwa kwa ajili ya vijito vya Marekani. Ukiifuata neno kwa neno kando ya Mto Njoro au Nyando utajaza gunia la matumbawe ambayo hakuna hata moja lililowahi kuona bahari.

Ndani mna lenzi ya kukunja yenye taa, chupa tupu ya kudondoshea ya mililita 30, kipande cha kioo, msumari wa chuma, kigae cheupe kisicho na glezi, sumaku, mswaki, vielelezo sita vya mawe na kadi yenye picha 24. Kalamu ya kuandikia alama juu ya jiwe haimo. Msasa haumo pia, na huo ndio upungufu mkubwa zaidi, kama tutakavyoona.

Tuanze na lenzi, maana ndiyo nusu ya thamani ya kasha zima. Ubavuni imeandikwa 30x. Si kweli. Lenzi za bei nafuu, zikiwemo zile wanazotumia mafundi wa simu, huandikwa namba kubwa kuliko uwezo wake. Kuna njia ya kuihakiki hata ukiwa mlangoni mwa duka: ielekeze juani juu ya karatasi, ipandishe na kuishusha mpaka nukta ya mwanga iwe ndogo kabisa, kisha pima kwa rula umbali kutoka lenzi hadi karatasi. Gawanya 250 kwa umbali huo wa milimita. Lenzi ya 30x kweli ingekusanya mwanga kwenye milimita 8 hivi. Ya kasha hili inakusanya kwenye milimita 28, maana yake ni karibu 9x. Pima upesi kabla karatasi haijaanza kutoa moshi.

Udanganyifu huo haukupunguzii kitu, kwa kweli. Wanajiolojia wenyewe hutembea na lenzi ya 10x shingoni, kwa sababu ikikuza zaidi ya hapo eneo linaloonekana hubanwa sana na jiwe hutoka kwenye fokasi kwa mtikisiko mdogo tu wa mkono. Kasoro halisi ya lenzi hii iko kingoni. Katikati ni safi, lakini sehemu ya nje ya duara inapinda na kutoa utepe wa zambarau na njano, hivyo matundu yenye pembe yanaonekana ya mviringo na ya mviringo yanaonekana yamevutwa. Kwa mtu anayetaka kuamua kama tundu lina pembe sita au halina, hilo si jambo dogo. Weka unachokitazama katikati kabisa. Mwenye uwezo na anunue lenzi ya 10x iliyoundwa kwa vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja. Ni ghali zaidi, ila kingo zake zimenyooka.

Taa iliyo kando ya lenzi izimeni. Inamulika jiwe moja kwa moja kutoka mbele na kufuta vivuli, na vivuli ndivyo vinavyoonyesha kuta ndogo ndani ya kikombe cha tumbawe, yaani tundu alimoishi mnyama wake. Simama ukiwa na jua ubavuni, gusisha lenzi karibu na jicho, kisha leta jiwe kwenye lenzi. Wengi hufanya kinyume, wanashika lenzi mbali kama anayesoma gazeti. Na lowesha jiwe. Tumbawe maarufu la Michigan liitwalo Petoskey, ambalo jimbo hilo lililifanya jiwe lake rasmi mwaka 1965, likiwa kavu ni kijivu kitupu. Likiloa, nyota zake zinajitokeza zote kwa mara moja. Kadi imetaja maji kwa sentensi moja, nyuma, kwa herufi ndogo.

Chupa ni ya asidi, ambayo hutoa povu ikidondoshewa jiwe la chokaa. Inakuja tupu, na hilo ni sawa, kwani hakuna msafirishaji atakayekubali kubeba asidi ndani ya sanduku la plastiki. Lakini maelezo yanasema tu "jaza asidi hafifu". Asidi gani, na hafifu kiasi gani? Inayotakiwa ni haidrokloriki ya asilimia 5 hadi 10. Ile nzito ya maabara ina asilimia 36 hivi. Kipimo kimoja chake kwa vipimo vitatu vya maji kinakupa karibu asilimia 10. Maji yatangulie chomboni, asidi ifuate polepole, kamwe isiwe kinyume. Kazi hiyo ifanyiwe maabara ya shule, mwalimu wa kemia akiwepo, glavu na miwani vikiwa vimevaliwa. Wanafunzi wabebe chupa iliyokwisha kuchanganywa, iliyoandikwa jina, ikisimama wima ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa. Kifuniko cha chupa hii kinavuja kikilazwa.

Watu wana njia zao za mkato na nyingi zina kasoro. Maji ya betri ni asidi ya sulfuriki: juu ya jiwe la chokaa hutoa povu kidogo, kisha hujenga utando wa jasi unaozuia asidi isiendelee, nawe unadhani jiwe halina chokaa. Dawa za kusafishia choo nyingine zina haidrokloriki na nyingine zina klorini. Ukichanganya hizo mbili hutoka gesi ya sumu, kwa hiyo ziacheni chooni. Siki ya dukani inafaa kwa asiye na kitu kingine, ila asidi yake ni dhaifu: kwaruza jiwe upate unga, dondoshea siki juu ya unga huo, na utazame kwa lenzi. Viputo vitakuwa vidogo na vya polepole. Ukidondoshea siki kwenye jiwe zima na kutazama kwa macho matupu, utakosa chokaa iliyo wazi kabisa.

Kioo na msumari havina hila. Chokaa ina ugumu wa 3 kwenye kipimo cha Mohs, kioo 5.5, na silika, yaani kwatsi na jamaa zake, 7. Tumbawe la chokaa hukwaruzwa na msumari na haliwezi kukwaruza kioo. Tumbawe lililogeuka silika hukwaruza kioo na kuupuuza msumari. Tahadhari moja inakosekana kwenye maelezo: jiwe lenye matundu mengi huvunjika likikwaruzwa hata kama kitu lililoundwa nacho ni kigumu. Jiwe la kusugulia miguu, ambalo ni povu la lava lililoganda kuwa glasi, linasagika chini ya msumari kama kitu laini. Kilichosalimu amri pale ni kuta zake nyembamba. Chukua punje moja ya unga wake, isugue kwenye kioo, na utaona alama.

Kigae cheupe, cha kusugulia jiwe ili kuona rangi ya unga wake, ni cha kujazia nafasi. Unga wa tumbawe ni mweupe, na kigae ni cheupe. Upande wa nyuma wa kigae cha bafu kilichovunjika ungefanya kazi hiyo hiyo bure, kwa yale madini machache yenye unga wa rangi. Sumaku, ambayo mtu angedhani ni ya mchezo, ina kazi nzuri magharibi mwa Kenya, tutafika huko.

Vielelezo sita ni sehemu tuliyotarajia mengi kutoka kwake. Vitatu ni matumbawe: kimoja cha umbo la pembe ya mbuzi, kimoja cha aina ya Favosites chenye vyumba vya pembe nyingi vilivyobanana, na kimoja cha tumbawe la miamba ya bahari za sasa. Vingine ni jiwe la chokaa, basalti na kwatsi. Uchaguzi ni mzuri, kwa sababu hayo matumbawe matatu yanawakilisha makundi yote makuu matatu. Lakini vimepakwa vanishi. Dondosha asidi juu ya Favosites ya kasha na itakaa pale, tone la duara, kimya. Mwanafunzi anaandika "haina chokaa, ni silika", na somo zima limeharibika. Dawa yake: pindua kielelezo, piga tupa mara tano au sita mahali pasipoonekana mpaka rangi mpya itokee, kisha dondosha hapo. Itachemka mara moja. Vanishi hiyo pia inang'aa chini ya lenzi na kuficha kuta za ndani za tumbawe la pembe. Asetoni kidogo kwenye pamba inaitoa, ingawa si yote.

Ukishaondoa vanishi, tazama vitu vitatu. Kwanza, kuta za miale: zile karatasi nyembamba za mawe zinazotoka kwenye ukingo wa kikombe kuelekea katikati. Kwenye tumbawe la pembe zinaonekana wazi ukilitazama kwa mdomoni. Kwenye Favosites ni kama hazipo. Pili, sakafu: vipande vya ulalo vinavyokatisha kila bomba, kimoja juu ya kingine, kila mnyama alipopanda akijijengea sakafu mpya chini yake. Favosites imejaa sakafu hizo, na ukiikata kwa urefu utaona ngazi. Tatu, ukuta wenyewe kati ya chumba na chumba: ni wa pamoja, una unene ule ule, na kwenye Favosites una vitobo vidogo vinavyounganisha majirani. Makundi mawili ya kale, la pembe na la sakafu, yalitoweka yote katika maangamizi ya mwisho wa kipindi cha Permi, miaka milioni 252 iliyopita. Matumbawe ya miamba ya sasa yalianza baada ya hapo, katika kipindi cha Triasi, na kuta zake za miale huja kwa mafungu ya sita.

Kadi inaeleza hayo kwa ufupi unaokubalika. Inapopotea ni pale inapomwambia mtu: tafuta jiwe lenye muundo wa sega la nyuki, lidondoshee asidi, likitoa povu ni tumbawe. Huko ilikotungiwa, ushauri huo una msingi. Sehemu kubwa ya kati ya Marekani ilifunikwa na bahari ya kina kifupi, ikaacha tabaka za chokaa zilizojaa matumbawe, na vijito vinazikata hadi leo. Kule Coralville, Iowa, mafuriko ya 1993 yalikwangua udongo na kuacha sakafu ya bahari ya kipindi cha Devoni peupe, watu wakitembea juu yake. Florida mito kama Withlacoochee na Suwannee inatoa matumbawe yaliyogeuka akiki, aina ya silika, ambayo hayatoi povu hata chembe. Kwa mwokotaji wa huko, swali ni tumbawe la aina gani.

Kwetu swali la kwanza ni jingine: mto huu unatoka kwenye miamba gani? Chukua ramani ya jiolojia ya magharibi mwa Kenya na utaona makundi mawili yanayotawala. Moja ni miamba ya kale kabisa ya Nyanza na Kakamega, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Matumbawe ya kwanza kujenga mifupa ya mawe yalitokea chini ya miaka milioni 550 iliyopita, kwa hiyo miamba hiyo ilikuwa imeshazeeka kabla mnyama wa aina yoyote hajakuwepo. Kundi la pili ni la volkano na mashapo ya ziwa, mito na nchi kavu: Tinderet, Homa, Rusinga, Menengai, sakafu yote ya Bonde la Ufa. Hilo ni changa, la kuanzia miaka milioni ishirini na kitu iliyopita, na halikuwekwa chini ya bahari. Matumbawe yanayojenga mawe hayaishi maji yasiyo na chumvi. Ziwa Victoria halijawahi kuwa nayo, wala mabwawa yaliyolitangulia.

Ukiokota kitu chenye sura ya tumbawe Kibos, Nyando, Sondu au Njoro, basi, anza kwa kudhani ni kitu kingine, na ulazimishe jiwe likuthibitishie vinginevyo. Tulilijaribu kasha kwa mawe ya aina hizo, na hapa ndipo vifaa vilipoonyesha thamani yake na kadi ikaonyesha upofu wake.

Upande wa Nakuru jiwe linalodanganya zaidi ni lava yenye matundu. Matundu hayo ni viputo vya gesi. Yana ukubwa wa kila namna pamoja, mengine yameungana mawili mawili, mara nyingi yamelala upande mmoja lava ilikokuwa ikielekea, na hakuna ukuta wa unene sawa kati yake. Ndani ni laini, hamna miale, hamna sakafu. Mpaka hapo lenzi inatosha. Tatizo huja viputo vinapojazwa madini meupe baada ya lava kupoa. Jiwe jeusi linakuwa na nukta nyeupe zilizopangika vizuri, na nukta hizo, zikiwa kalsaiti, yaani madini ya chokaa, zinatoa povu. Kadi itasema tumbawe. Dondosha tone moja kwenye nukta na jingine kwenye sehemu nyeusi: nukta inachemka, weusi haujali. Lile la kusugulia miguu kutoka Menengai halihitaji hata asidi. Litupe kwenye ndoo, litaelea.

Kando ya maziwa ya Bonde la Ufa kuna kitu kigumu zaidi kukitofautisha: chokaa iliyojengwa na vijidudu kwenye fukwe za zamani, maji yalipokuwa juu kuliko leo. Stromatolaiti za Ziwa Bogoria zinajulikana sana. Juu zina mafundo mafundo ya mviringo yanayofanana mno na tumbawe la ubongo, na asidi inachemka juu yake kwa nguvu. Hapa lenzi juu ya uso wa nje haisaidii. Lazima ukate. Ndani ya stromatolaiti utaona tabaka nyembamba zilizolaliana, moja ikifuata mgongo wa nyingine, bila ukuta wowote wa wima unaozikata. Tumbawe lina kuta za wima zinazopanda kutoka chini hadi juu, na tabaka za ulalo zipo ndani ya mabomba tu. Chokaa ya chemchemi ikijenga juu ya mashina ya matete huacha mabomba ya kweli, mengi, sambamba. Kila bomba ni mwanya mtupu, ndani laini, ukuta wake umejengwa kwa duru zinazoizunguka shina lililooza. Miale hakuna.

Ukishuka Kisumu mambo yanabadilika. Tambarare za Kano zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, na ndani yake hukua vinundu vya chokaa, vya kijivu, vyenye vidonda vidonda juu. Mvua ikikata kingo za vijito, vinundu vinabaki chini vimesafishwa, vikisubiri mwenye kasha. Povu linatoka bila kusita. Vunja kimoja kwa nyundo: ndani ni mango, pengine na nyufa zilizojazwa kalsaiti na vijitundu vya mizizi vinavyokwenda ovyo.

Kisha kuna Koru na milima ya Homa na Ruri, na hapa ndipo sumaku inapolipa nauli yake. Mawe ya chokaa ya huko, yale yanayochimbwa Koru kwa ajili ya kuchomwa chokaa, mengi yametokana na volkano: ni kabonataiti, magma iliyokuwa kabonati badala ya silika. Inatoa povu. Ikishambuliwa na mvua hupata matundu na mifereji. Lakini uso mpya uliovunjwa unametameta kwa fuwele kama sukari guru iliyokatwa, na mara nyingi ndani yake mna punje nyeusi za magnetaiti. Saga kipande kidogo, tandaza unga kwenye karatasi, pitisha sumaku chini yake. Punje nyeusi zikisimama na kutembea, hilo si tumbawe. Zisipotembea hujathibitisha lolote, rudi kwenye kukata.

Jiwe la Kisii la Tabaka halina haja ya aya nzima: ukucha unalichora, asidi hailigusi, limekwisha.

Kukata, basi. Huu ndio mtihani unaoamua, na kasha halina kifaa chake. Nenda hadwea ununue msasa wa maji wa namba 120, 400 na 800, karatasi moja moja. Weka namba 120 juu ya kipande cha kioo, mimina maji, sugua pembe ya jiwe kwa mizunguko mpaka upate uso bapa wa sentimita mbili. Jiwe la chokaa linakubali kwa dakika chache. Likigoma na kuula msasa, una silika au lava mkononi. Suuza kabisa kabla ya kuhamia namba inayofuata, maana punje moja ya 120 ikibaki itachora mistari ambayo 800 haitaifuta, na mistari hiyo ukiitazama kwa lenzi unaweza kuiona kama miale. Malizia na 800, lowesha, tazama jua likiwa ubavuni. Kisha fanya uso wa pili, wenye pembe mraba na ule wa kwanza. Kwenye uso mmoja tumbawe linaonyesha vikombe, kwenye mwingine linaonyesha mabomba yenye sakafu. Jiwe linaloonyesha muundo ule ule pande zote mbili si tumbawe. Viputo na vinundu hufanya hivyo.

Je, kuna siku utakata jiwe la Nakuru au Kisumu na kulikuta ni tumbawe kweli? Ndiyo, na tayari unaweza kukisia lilikotoka. Pwani, kuanzia Malindi kwenda kusini, ardhi yenyewe ni mwamba wa matumbawe wa takriban miaka 125,000, na zaidi ya hapo, ndani kidogo, kuna chokaa ya Kambe ya kipindi cha Jura, ya kale zaidi kwa mbali. Mawe ya mwamba huo wa matumbawe yalijenga mji wa kale wa Gedi na, kuanzia 1593, kuta za Fort Jesus. Watu wanayabeba: mapambo ya bustani, mawe ya kuweka ndani ya tangi la kioo la samaki, ukumbusho wa safari. Nyumba ikibomolewa, kifusi kinaishia mtoni. Tumbawe la aina hiyo lina vikombe vya milimita moja hadi sentimita moja, miale ya mafungu ya sita, na rangi yake ni nyeupe ya maziwa au njano hafifu. Likiwa kongwe zaidi, mfupa wake wa asili, aragonaiti, unakuwa umegeuka kalsaiti na miale midogo imefifia, kwa hiyo usitegemee kuihesabu. Ukipata la umbo la pembe au Favosites, hilo lilisafiri kutoka ng'ambo, na huenda limetoka kwenye kasha la mtu mwingine.

Kuna jiwe moja ambalo kadi haina picha yake kabisa, na kwa eneo hili ni kosa kubwa kuliko yote: mfupa. Ndani ya mfupa wa kale ni sponji ya vijumba vidogo, na aliyezoea picha za matumbawe ataiita tumbawe bila wasiwasi. Tofauti yake ni ganda. Mfupa una tabaka mango la nje linalozunguka sponji, na mpito kati ya hizo mbili unaonekana kwa lenzi. Vijumba havina mpangilio wa miale na havipandi kama mabomba. Watu wengine huupima kwa ulimi, mfupa wa kale hung'ang'ania. Mito inayopita mijini tunajua inabeba nini, kwa hiyo ulimi tuuache. Songhor, Koru, Fort Ternan, Maboko na Rusinga ni majina yanayojulikana duniani kwa mifupa ya kipindi cha Miosini. Fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, alilolipata Mary Leakey mwaka 1948 lilitoka Rusinga. Ukishuku mfupa au jino, usiuchimbue na usiusugue msasa. Piga picha ukiwa umeweka sarafu ya shilingi kumi kando, hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, na upeleke habari Jumba la Makumbusho la Kisumu, au Hyrax Hill kwa walio Nakuru. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inalinda visukuku vyote, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru hata jiwe la kawaida usiondoke nalo. Kadi haisemi lolote kuhusu hayo, wakati ilikuwa na nafasi ya picha nne za dhahabu ya wajinga, yaani pairaiti, madini yanayong'aa kama dhahabu.

Nani anunue? Shule inayofundisha jiografia ipate kasha moja, kwa ajili ya vielelezo vitatu vya matumbawe ambavyo si rahisi kuvipata hapa kwa bei hiyo, na mwalimu aandike kadi yake mwenyewe yenye lava, kinundu cha Kano, kabonataiti ya Koru na stromatolaiti. Mwokotaji wa peke yake asinunue. Kwa nusu ya pesa hizo atapata lenzi, chupa ya kudondoshea kutoka duka la dawa, msumari, sumaku ya spika iliyokufa na karatasi tatu za msasa, na atakuwa na kile hasa ambacho kasha linakosa.

Kwa anayelinunua, lifungue dukani kabla ya kulipa. Lenzi ikunjuliwe na kufungwa mara kadhaa, kwani parafujo ya bawaba hulegea na baadhi zinafika zimelegea tayari. Kishimo cha Favosites kitazamwe kwanza: tumeona kasha ambamo nafasi yake imejazwa kipande cha lava yenye matundu kilichopakwa vanishi, chenye lebo ya tumbawe. Beba chupa yako ya siki na tupa ndogo, na mwombe mwenye duka ruhusa ya kugusa upande wa chini.